Machozi ya Wazee Wetu Si Uzee Tu



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Wiki hii twapenda kuzungumza nanyi, mama zetu, dada zetu na jamaa wote ambao nyumba zenu hupokea waraka huu, juu ya maradhi yasiyotajwa sana. Hayamlazi mtu kitandani, hayamuui, na mara nyingi hayampofushi. Pengine ndiyo sababu hayatajwi. Nayo ni ukavu wa macho, hali ambayo jicho hukosa machozi ya kutosha, au hupata machozi dhaifu yasiyoweza kukaa juu yake. Tumeyachagua kwa kuwa twawaona katika mitaa yetu wazee wengi wanaoishi nayo miaka na miaka, na kila walalamikapo huambiwa neno moja: "Ni uzee, bibi, subiri." Neno hilo hutoka kwa watu wanaowapenda, lakini limewaziba midomo. Sisi twasema kwamba uzee si jawabu la kila kitu, na kwamba mzee mwenye macho makavu ana haki ya kuulizwa, kupimwa na kutunzwa kama mgonjwa mwengine yeyote.

Mwenye kupita Mkomani baada ya sala ya alasiri huwaona wazee wetu wamekaa barazani, na wengi wao wana kitambaa mkononi. Mzee hufuta jicho la kulia, akafuta la kushoto, akakikunja kitambaa na kukifungua tena. Pengine hufumba macho katikati ya mazungumzo, wapitao wakadhani amesinzia, kumbe anasikia kila neno ila mwanga unamchoma. Ukimwuliza, atakwambia kwa Kiamu chetu kwamba mato yana mtanga. Mchanga wenyewe haumo. Ukimfungua kope hutaona hata chembe. Asubuhi kope zimegandana, adhuhuri macho yanawasha, na jioni maandishi yanamjia na kumpotea: akipepesa yanakuwa wazi, kisha yanaingia ukungu tena.

Watu hustaajabu vipi jicho linalotiririka machozi liitwe kavu. Jawabu limo katika maumbile ya chozi lenyewe. Juu ya jicho zima pana utando mwembamba wa machozi, unene wake ni elfu chache tu za milimita. Chini yake mna ute unaoyashikisha maji na jicho; katikati mna maji yenye chumvi na kinga dhidi ya vijidudu; na juu kabisa mna mafuta yanayoyazuia maji yasikauke kwa hewa. Mafuta hayo hutoka katika vijitezi vilivyopangwa safu ukingoni mwa kope, ambavyo tabibu wa Kijerumani Heinrich Meibom alivieleza mwaka 1666, na mpaka leo huitwa kwa jina lake. Mtu akisonga umri, vijitezi hivi huziba, na mafuta yake huwa mazito kama samli iliyoganda. Maji yakikosa mafuta hukauka upesi, jicho likaumia, na mishipa ya fahamu ikapeleka habari kwamba kuna hatari. Hapo tezi kubwa iliyo juu ya jicho humwaga maji kwa wingi. Lakini maji hayo ya ghafla hayana mafuta ya kutosha, basi hufurika, hushuka shavuni, na jicho hubaki na kiu yake. Ni kama kumwaga ndoo ya maji juu ya sakafu ya dari wakati wa jua kali: yatateremka yote, na muda mfupi baadaye sakafu ni kavu kama haikuguswa.

Sababu za ukavu huu ni nyingi, na mara nyingi hukutana kadhaa kwa mtu mmoja. Umri ndio wa kwanza. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, hasa baada ya hedhi kukoma, kwa kuwa homoni zinazosaidia tezi za macho hubadilika. Kisukari humo, na baridi yabisi humo. Yapo pia maradhi yaliyoelezwa mwaka 1933 na Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Uswidi, ambayo kinga ya mwili hugeuka ikashambulia tezi za machozi na za mate. Kwa hivyo bibi ambaye macho yake ni makavu, na mdomo wake ni mkavu hata hawezi kumeza mkate bila ya maji, na viungo vyake vinamuuma, asimweleze daktari moja akaficha mengine. Ayaeleze yote kwa pamoja.

Dawa nazo zina sehemu yao. Dawa za mzio na za mafua zinazoleta usingizi hukausha macho kama zikaushavyo pua. Ndivyo zilivyo baadhi ya dawa za presha, zikiwemo za kukojoza, na baadhi ya dawa za kutibu huzuni. Matone ya glakoma yenye kihifadhi huweza kuliudhi jicho yakitumiwa miaka mingi, na upasuaji wa mtoto wa jicho, pamoja na kheri yake kubwa, huweza kuacha ukavu wa wiki au miezi. Twasema haya ili mtu amwulize daktari wake. Asiache mtu dawa ya presha au ya glakoma kwa sababu ya makala aliyoyasoma, maana madhara ya kuiacha ni makubwa kuliko ya jicho kuwasha.

Kisha kuna hewa na nyumba zetu. Kaskazi huja na joto na ukavu, kusi huja na nguvu, na zote mbili hulipuliza jicho la mzee aliyekaa barazani au usoni pa bahari. Usiku feni huzunguka juu ya kitanda, ikampepea mtu usoni mpaka alfajiri, na wako wazee ambao kope zao hazifumbi sawasawa wanapolala. Jikoni mna moshi wa makaa na wa vifuu. Na nyumba zetu, alhamdulillahi, hazikosi udi na ubani. Hatusemi udi uachwe, kwani harufu nzuri ni katika mapambo ya nyumba ya Muislamu. Twasema chetezo kisiwekwe ubavuni mwa bibi, na dirisha liachwe wazi. Jambo la mwisho ni kupepesa. Binadamu hupepesa macho kiasi cha mara 15 kwa dakika, na kila kupepesa ni kulipaka jicho chozi jipya. Mtu anaposoma, anaposhona au anapotazama simu, kupepesa hupungua sana, pengine kwa nusu au zaidi, naye hana habari.

Hapo ndipo hasara yenyewe ilipo, na haionekani katika ubao wa herufi. Mzee akisimamishwa mbele ya ubao ule hupepesa, huikaza nia, huzitaja herufi, na huambiwa macho yake ni mazima. Lakini maisha hayasomwi kwa dakika moja. Mwaka 2018 watafiti wa Johns Hopkins, katika mji wa Baltimore, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwasomesha kimya kimya kwa dakika 30 watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Wale wenye ukavu mkubwa wa macho walisoma polepole kuliko wenziwao kwa kiasi cha asilimia 10. Fikirini sasa mama ambaye wirdi wake ni juzuu moja kila siku tangu ujana. Kwanza atachelewa, kisha atapumzika kila ukurasa, kisha atagawanya juzuu mara mbili, na mwisho msahafu utabaki juu ya marufaa umefunikwa. Hatamwambia mtu. Ataona haya kusema kwamba ameacha.

Na si kisomo pekee. Lamu yetu inajulikana kwa kofia za kushonwa kwa mkono, na wengi wanaozishona ni watu wa majumbani, wake kwa waume. Kofia moja huchukua wiki nyingi, pengine miezi, na kila kitundu chake kidogo huzungushiwa uzi kwa sindano nyembamba. Bibi anayeshona kofia hupata fedha zake mwenyewe: za kumnunulia mjukuu viatu vya Idi, za kutoa sadaka pasi na kumwomba mtoto. Macho yakiwasha, mshono hupinda. Mshono ukipinda, kofia hairudishi gharama yake. Na sindano ikiwekwa kando, ule uhuru mdogo nao umekwenda. Vivyo hivyo kwa msusi wa mikeka na kwa fundi wa kuchonga milango.

Wataalamu wameujaribu mzigo huu kwa mizani yao. Mwaka 2003 walichapisha utafiti waliowataka wagonjwa wakadirie wangetoa nini katika umri wao ili waepukane na ukavu wa macho. Wenye ukavu mkali walitoa makadirio yaliyokaribiana na yale yatolewayo na wagonjwa wa moyo wanaobanwa kifua. Msomaji atastaajabu, maana moyo ni moyo. Lakini maumivu yanayomgusa mtu kila anapofumbua macho, kuanzia alfajiri hadi isha, si madogo kwa kuwa tu hayaui. Tafiti nyengine zimeonyesha kwamba wenye ukavu wa macho huandamwa na huzuni na wasiwasi zaidi kuliko wenziwao.

Kwa nini basi hatuyasikii haya? Sababu moja ni kwamba hesabu za macho hufuata upofu. Hapa Kenya, utafiti mkubwa wa Nakuru uliwachunguza watu 4,414 wenye miaka 50 na zaidi katika mwaka 2007 na 2008, nao ulitazama zaidi upofu, uoni hafifu na maradhi yanayouleta. Ni haki kuanza hapo, kwani mtu aliyepofushwa na mtoto wa jicho huweza kurudishiwa nuru kwa upasuaji mfupi. Lakini mzee aonaye herufi ubaoni hana pa kuandikwa katika hesabu kama hizo, hata kama hajasoma ukurasa mmoja tangu Ramadhani iliyopita. Basi ikiwa daftari kubwa halimtaji, hapana budi atajwe na watu wa nyumbani kwake.

Yupo bibi mmoja wa mtaa wetu, umri wake miaka sabini na kitu, ambaye baada ya darsa ya akina mama alibaki nyuma mpaka wenziwe wote wakatoka. Ndipo akauliza kwa sauti ya chini. Alikuwa amesikia katika mawaidha kwamba ukavu wa jicho ni alama ya ugumu wa moyo. Yeye, tangu mumewe kufariki, akitaka kulia macho humchoma na chozi halitoki kama lilivyokuwa likitoka; na saa nyengine, pasi na huzuni yoyote, machozi humtiririka akiwa jikoni. "Sheikh," akasema, "mato yangu yamekauka. Je, na moyo nao?"

Tulimwambia, "La, mama." Tukamweleza kwamba wanachuoni wasemapo hayo huisema hali ya moyo, wala hawakukusudia tezi za kope, na kwamba mtu anayehofia moyo wake usiwe mgumu, hofu hiyo yenyewe ni dalili ya uhai wake. Kisha tukamwuliza mambo ambayo, kwa maneno yake, hakuna aliyewahi kumwuliza. Macho humsumbua zaidi saa ngapi? Hulala chini ya feni? Hutumia dawa gani? Ikabainika kwamba kwa muda wa miaka miwili alikuwa akimeza kila usiku kidonge cha mzio cha kuleta usingizi, alichonunuliwa siku moja kwa ajili ya kuwashwa ngozi, na hakuna aliyemwambia aache. Sisi si matabibu, na hatukumwambia zaidi ya kwamba dawa hiyo na macho hayo vyote vipelekwe mbele ya daktari. Mwanawe akampeleka. Kidonge kikabadilishwa, akapewa machozi ya kutengenezwa na mafundisho ya kuyatunza macho. Leo husoma nusu juzuu kwa kikao kimoja. Si kama alivyokuwa kijana, lakini msahafu haujafunikwa, na lile swali alilolibeba peke yake limemwondokea.

Twawaomba mzingatie alivyokuwa akiishi bibi huyu kabla ya siku hiyo. Nyumba yake ina watoto na wajukuu, na wote wakimpenda. Walimwona akilia jikoni wakadhani anamkumbuka marehemu, wakanyamaza kwa adabu. Walimwona haendi tena kwenye visomo wakadhani amechoka na watu. Walimwona amefumba macho wanapomwonyesha picha za jamaa katika simu wakadhani hazimhusu. Kila walichokiona walikipa maana, na maana zote zilikuwa sizo. Swali moja lingetosha.

Sasa tutaje yanayodhuru, kabla ya yanayofaa. La kwanza ni matone ya kununua ovyo. Macho ya mzee yakiwa mekundu, kijana hukimbilia duka la dawa, akarudi na kichupa chochote anachopewa. Vingine vina dawa za jamii ya steroidi. Hizo huondoa wekundu na muwasho kwa haraka, mzee akafurahi na akataka kichupa cha pili na cha tatu. Lakini zikitumiwa muda mrefu bila ya usimamizi huweza kupandisha presha ya jicho mpaka likapotea nuru isiyorudi, huweza kuleta mtoto wa jicho, na huweza kuyapa nguvu maradhi ya vijidudu. Yaani maradhi yasiyopofusha hutibiwa kwa dawa inayoweza kupofusha. Matone ya aina hiyo hayatiwi ila kwa amri ya mtaalamu aliyelichunguza jicho.

La pili ni dawa za nyumbani: maziwa ya mama, maji ya majani, mate, na hata asali. Twajua heshima ya asali katika dini yetu. Lakini asali ya chupa iliyo kabatini haikusafishwa kwa ajili ya jicho, na vijidudu vikiingia juu ya kioo cha jicho lililokwisha kukauka huweza kuacha kidonda na kovu jeupe. La tatu ni wanja. Hatusemi neno dhidi ya sunna ya kupaka wanja. Twasema juu ya unga unaouzwa sokoni usiojulikana umetoka wapi, kwani aina nyingi zilipopimwa zilikutwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa mkubwa na kwa mtoto. Na wanja wowote ukipakwa ukingoni mwa kope huweza kuziba vile vijitezi vya mafuta tulivyovitaja.

Asije mtu akasema kwamba kumpeleka mzee kwa daktari wa macho ni kufuata mambo ya kigeni. Kwa Kiarabu tabibu wa macho aliitwa kahhal, jina lililotokana na kuhl, yaani wanja. Lakini wazee wetu wa elimu hawakusimama kwenye wanja. Hunayn ibn Ishaq, aliyefariki mwaka 873, aliandika makala kumi juu ya jicho. Ali ibn Isa, aliyekuwa tabibu Baghdad, alitunga kitabu kiitwacho Tadhkirat al-Kahhalin kwa sehemu tatu: ya kwanza juu ya maumbile ya jicho, ya pili juu ya maradhi yake yaliyo dhahiri, na ya tatu juu ya yaliyofichika. Kitabu hicho kilisomwa na matabibu kwa karne nyingi. Elimu ya jicho ni mali yetu pia, na kuitafuta ni kurudi kwetu.

Yanayofaa si ghali, ila yataka kudumu. Asubuhi na jioni, chovyeni kitambaa safi katika maji ya moto yanayovumilika, mkikijaribu kwanza juu ya ngozi ya ndani ya mkono wenu. Kikamueni, kiwekwe juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika tano hadi kumi, na kichovywe tena kinapopoa. Joto huyayeyusha mafuta yaliyoganda. Kisha kope zisuguliwe taratibu kuelekea ukingoni ili mafuta yatoke, na mizizi ya nywele zake ipanguswe kwa pamba safi yenye maji yaliyochemshwa yakapoa. Kazi hii yaweza kufanywa na mjukuu wa kike au wa kiume, na mwenye kuifanya kwa nia njema atapata thawabu ya kumhudumia mzee wake.

Feni ielekezwe miguuni. Mzee akitoka upeponi avae miwani yenye kuziba pembeni, na barazani akae upande wenye kinga. Asomapo, kila mwisho wa ukurasa afumbe macho kwa utulivu, apumue mara kadhaa, ndipo afungue ukurasa mwengine. Msahafu uwe wa maandishi makubwa, na uwekwe chini ya usawa wa macho, maana mtu atazamapo chini kope hufunika sehemu kubwa ya jicho na chozi hukauka kidogo. Ashonaye kofia naye aweke sindano kila baada ya dakika ishirini.

Machozi ya kutengenezwa hupatikana bila ya steroidi ndani yake, na mtaalamu atawaelekeza. Anayehitaji kuyatia zaidi ya mara nne kwa siku ni bora apewe yasiyo na kihifadhi. Kichupa kimoja kiwe cha mtu mmoja, wala ncha yake isiguse jicho. Na siku ya kukifungua iandikwe juu yake, kwani vingi hutakiwa kutupwa baada ya wiki nne. Namna ya kutia ni kuosha mikono, kuvuta kope ya chini, kutia tone moja, kufumba jicho, na kubonyeza kwa kidole kipembe cha jicho karibu na pua kwa dakika moja.

Wengi wametuuliza juu ya vidonge vya mafuta ya samaki, ambavyo jamaa walioko Ghuba huwatumia wazee wao kwa gharama kubwa. Mwaka 2018 ulichapishwa Marekani utafiti wa wagonjwa 535: baadhi walipewa mafuta ya samaki kwa mwaka mzima, na wengine mafuta ya zeituni. Wote walipata nafuu kiasi, na wa samaki hawakuwazidi wa zeituni. Basi samaki wetu tumle, ni chakula chema na Mola ametupa bahari. Bali fedha za vidonge zingefaa zaidi nauli ya kumpeleka mzee akapimwe.

Yamebaki masuala ya dini, ambayo mama zetu huyauliza kila Ramadhani ikikaribia. Wanachuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wetu, wamesema kwamba wanja na mfano wake hautangui saumu hata ladha yake ikihisika kooni, kwa kuwa jicho halihesabiwi katika matundu yaliyo wazi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 mjini Jeddah mwaka 1997, liliyataja matone ya macho miongoni mwa yasiyofunguza, madhali mtu hamezi kilichomfikia kooni. Na kule kubonyeza kipembe cha jicho tulikokutaja huzuia tone lisiteremke huko. Basi mama asijiadhibu kwa kuacha matone mchana wote. Katika udhu, kuosha ndani ya jicho si wajibu. Usijitie maji machoni ukadhani unatimiza. Linalotakiwa ni kuondoa matongo yaliyoganda kipembeni ili maji yaifikie ngozi, na hilo, kama mlivyoona, ndilo analolitaka daktari pia. Na ambaye macho yamemzuia kabisa kusoma siku fulani, asome alichokihifadhi, au asomewe akasikiliza. Mlango wa Qur'ani haufungwi kwa jicho.

Zipo dalili ambazo hazingoji kitambaa cha moto wala ushauri wa jirani: maumivu makali, uoni kupungua ghafla, jicho moja tu kuwa jekundu sana, kuogopa mwanga kusikovumilika, usaha, au doa jeupe juu ya kioo cha jicho. Mwenye dalili hizi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na akielekezwa kwenye hospitali kubwa ya macho, jamaa wasikate tamaa kwa sababu ya mashua ya Mokowe na masafa ya Mombasa. Siku za Idi na harusi twazivuka bahari hizo kwa furaha. Kwa jicho la mzazi pia tuvuke.

Kwa wengine wote tunaomba jambo jepesi. Wiki hii kila mmoja wetu akae karibu na mzazi wake, bibi yake, babu yake au jirani mzee asiye na mtu, amwulize: macho yako yana hali gani, na yamekuzuia kufanya nini? Amsikilize mpaka amalize. Amtoe dawa zake zote ndani ya mfuko, aziandike majina yake kwenye karatasi, na karatasi hiyo iende kwa daktari pamoja na mzee.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape wazee wetu nuru ya macho na ya nyoyo mpaka mwisho wa umri wao, na atujaalie tuwe watoto wa kuwatuliza. Wabillahi tawfiq.